Orodha ya Trinidad: Chama cha Wahudumu wa Afya Kati ya Mwanachama Anayeondoka na Mgonjwa Anayebaki

Mwishoni mwa mwaka 2014 serikali ya Uganda, kupitia Wizara ya Mambo ya Nje, ilikuwa ikiwachuja madaktari, wauguzi na wakunga ambao wangepelekwa kufanya kazi Trinidad na Tobago, nchi ya visiwa vya Karibi ambayo tayari ilikuwa na madaktari wengi mara kadhaa kuliko Uganda ukilinganisha na idadi ya wakazi wake. Orodha iliyotoka ilikuwa na majina zaidi ya 260. Kwa hesabu zilizochapishwa wakati huo, ndani yake walikuwamo madaktari bingwa 20 wa radiolojia, yaani wasomaji wa picha za eksirei na nyinginezo, kati ya 28 waliosajiliwa nchini, 4 wa magonjwa ya akili kati ya 11, na 15 wa watoto kati ya 92.

Mimi ni muuguzi, na kwa miaka kadhaa nimekuwa katika kamati ya tawi la chama chetu katika wilaya moja ya mashariki, karibu na mpaka wa Kenya. Kisa cha Trinidad nimekirudia mara nyingi kwa sababu kinaonyesha waziwazi jambo ambalo matawi yetu hukutana nalo kila mwezi kwa kiwango kidogo: mwanachama anataka kuondoka, mgonjwa hana pa kwenda, na chama kinatakiwa kuwasemea wote wawili. Rai yangu naitoa mapema. Chama kinachongoja orodha itoke ndipo kitoe tamko, liwe la kuwazuia watu au la kuwatakia safari njema, kimekwisha kuchelewa. Nguvu zake halisi zimo katika kazi ya kabla ya hapo, yaani kujua ni nani yuko wapi, kupigania masharti ya wanaobaki, na kuusoma mkataba wa anayeondoka kabla hajautia saini.

Zile hesabu za mabingwa zafaa zitazamwe kwa utulivu, maana mjadala wa umma ulikimbilia jumla ya majina na kuyapita yaliyo mazito zaidi. Watu 260 katika nchi yenye maelfu ya wauguzi si pengo lisilozibika. Mabingwa 20 kati ya 28 ni jambo jingine kabisa. Mgonjwa aliyeanguka kutoka kwenye bodaboda anaweza kupigwa picha na fundi katika hospitali ya rufaa ya mkoa, lakini picha ngumu inahitaji jicho la bingwa, na bingwa huyo ndiye pia anayewafundisha madaktari wanaosomea ubingwa katika vyuo vikuu vya Makerere na Mbarara. Ukimwondoa, umemwondoa tabibu na mwalimu kwa siku moja, na miaka itakayohitajika kumpata mwingine huanza kuhesabiwa kukiwa hakuna wa kumfundisha. Kwa hiyo swali la kwanza ambalo chama cha taaluma kingepaswa kuliuliza mbele ya orodha ile lilikuwa la mgawanyo: ni wa fani gani, kutoka vituo gani, na nani atashika zamu zao Jumatatu inayofuata. Kujua jumla hakutoshi.

Aliyekwenda mahakamani alikuwa taasisi ya utafiti wa sera za umma ya Kampala, iliyoishtaki serikali ikidai kwamba mpango ule ungewanyima wananchi haki yao ya huduma za afya. Katika mabishano hayo ilitajwa mara kwa mara hesabu ya daktari 1 kwa watu 24,725. Mwaka 2015 Ubelgiji, iliyokuwa mfadhili wa muda mrefu wa sekta ya afya, ilisimamisha msaada wake kwa sekta hiyo kwa sababu ya suala hili. Watetezi wa mpango nao walikuwa na hoja zisizopaswa kudharauliwa: wapo wahudumu waliohitimu ambao serikali haijawaajiri, fedha zinazotumwa nyumbani hulisha familia, na hakuna sheria inayomruhusu mtu kumfungia mwenzake ndani ya nchi. Ibara ya 29 ya Katiba yetu inampa kila Mganda haki ya kutoka na kurudi, na Ibara ya 40 inampa haki ya kufanya kazi ya taaluma yake na ya kujiunga na chama cha wafanyakazi.

Kwa nini basi chama cha taaluma huona vigumu kuwa mlalamikaji katika kesi kama ile? Watu wengi huviita vyombo vyetu vyote kwa jina moja, ilhali kazi zao ni mbalimbali. Baraza la Wauguzi na Wakunga, kama lilivyo lile la madaktari na la wahudumu wa fani nyingine za afya, limeundwa kwa sheria ili kusajili, kutoa leseni na kusimamia nidhamu. Mteja wake ni umma. Chama cha Madaktari Uganda, UMA, ni umoja wa wanataaluma wenyewe. Muungano wa Wauguzi na Wakunga Uganda, UNMU, ni chama cha wafanyakazi chenye haki ya kujadiliana na mwajiri. Anayetaka kwenda nje hupitia baraza ili athibitishiwe kwamba leseni yake ni hai na hana shauri la nidhamu, kisha hugeukia chama akitaka ushauri na utetezi. Baraza halina mamlaka ya kumnyima barua mwenye rekodi safi kwa sababu tu wodi yake itabaki tupu. Chama nacho huishi kwa michango ya watu walewale ambao majina yao yalikuwa kwenye orodha. Kwenda mahakamani kuuzuia mpango wa Trinidad kungekuwa kuwashitaki wanachama wake mwenyewe, tena kwa kosa la kutafuta mshahara ambao chama hichohicho kimekuwa kikisema kwa miaka kwamba wanaustahili.

Mvutano huo ulijulikana zamani katika ngazi ya dunia, na vyama vya kimataifa viliutafutia maneno kabla ya serikali. Baraza la Kimataifa la Wauguzi lilitoa msimamo wake kuhusu uajiri wa haki mwaka 2001. Chama cha Madaktari Duniani kilifuata mwaka 2003 kwa tamko linalosema, kwa kifupi, kwamba kila nchi ijitahidi kufundisha madaktari wa kuitosha badala ya kutegemea wa wenzake, kwamba daktari asizuiwe kuondoka, na kwamba anayeajiriwa ugenini aelezwe ukweli wa mkataba na atendewe sawa na wenyeji. Machi 2008 Kampala yenyewe iliandaa Jukwaa la Kwanza la Dunia kuhusu Watumishi wa Afya, chini ya muungano ulioongozwa na Profesa Francis Omaswa, daktari mpasuaji wa Uganda aliyewahi kuwa mkurugenzi mkuu wa huduma za afya nchini. Azimio lililotoka hapo, ambalo hadi leo huitwa Azimio la Kampala, lilihimiza kanuni za kimataifa za uajiri zikamilishwe upesi, na Mei 2010 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ukazipitisha. Kanuni hizo zinazitaka nchi zijizuie kuwaendea na kuwachukua wahudumu wa nchi zenye upungufu mkubwa. Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi 57 zilizotajwa na shirika hilo mwaka 2006 kuwa na upungufu wa kutisha.

Ila kanuni ni za hiari, na ziliandikwa zikimwangalia zaidi mwajiri wa kigeni anayekuja kuvua katika maji ya wenzake. Katika kisa cha Trinidad mlango ulifunguliwa kutoka ndani. Hapo ndipo silaha ya kawaida ya vyama, ile ya kuinyooshea kidole nchi tajiri, ilipoteza makali. Hata orodha nyekundu ya Uingereza, inayowakataza waajiri wake kuja kuwatafuta wahudumu katika nchi kama Uganda, humwacha huru muuguzi anayeomba kazi mwenyewe.

Kuna mtu mmoja ambaye ukimtazama unauona mkwamo huu wote. Dakta Margaret Mungherera aliongoza Chama cha Madaktari Uganda kwa vipindi kadhaa, na kuanzia Oktoba 2013 hadi Oktoba 2014 alikuwa rais wa Chama cha Madaktari Duniani, mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kushika nafasi hiyo. Alikuwa daktari bingwa wa magonjwa ya akili, yaani mmoja wa kundi lile dogo ambalo zaidi ya theluthi yake ilikuwa kwenye orodha. Wakati wa urais wake wa dunia alihimiza vyama vya madaktari vya Afrika viimarishwe, maana chama dhaifu hakisikilizwi na waziri wala hakiaminiwi na mwanachama. Alifariki Februari 2017. Mimi huona kwamba katika jambo hilo alikuwa ameligusa donda lenyewe: tamko la kimataifa, hata likiwa zuri namna gani, hulindwa na chama cha nyumbani chenye ofisi, takwimu na wanachama wanaolipa ada, na vyama vyetu vingi havina hata rejista kamili ya watu wao.

Sasa niishushe habari hii hadi kwenye tawi. Jioni moja kamati yetu ilikutana katika chumba cha mafunzo cha hospitali, baada ya zamu ya mchana. Tulizungumza Kiswahili, kama kawaida yetu, kwa sababu kamati ina Msamia, Mteso, Mgisu, Mnubi na Mjapadhola, na hakuna lugha nyingine inayotukalisha sote meza moja. Juu ya meza palikuwa na bahasha ya kaki ya mkunga aliyekuwa ametumikia wodi ya wazazi kwa miaka tisa. Ajenti alikuwa amempatia kazi katika nchi moja ya Ghuba, na alitaka tawi limwandikie barua ya kumtambulisha. Huku kwetu kwenda kufanya kazi ng'ambo huitwa kwenda kyeyo, neno la Kiganda lenye maana ya ufagio, kwa kuwa wengi wa waliotangulia walikwenda kufagia. Yeye alituambia mapema kwamba haendi kyeyo, anakwenda kuzalisha.

Mweka hazina wetu, mama mtu mzima aliyemfundisha kazi huyo mkunga, alimwambia, “Mwanangu, ukiondoka, wodi ya usiku inabaki na mtu mmoja. Umewafikiria akina mama wanaokuja kwa bodaboda saa nane za usiku?”

Yule mkunga hakupandisha sauti. Alisema, “Mama, nimewafikiria miaka tisa. Mwezi uliopita nilinunua glavu kwa pesa yangu. Wanangu wawili wamerudishwa nyumbani kwa karo. Naomba na mimi mtu anifikirie.”

Chumba kilinyamaza. Mwenyekiti alikuwa na kalamu mkononi na hakuitumia. Nilichofanya mimi ni kuomba kuuona mkataba, na ulikuwa kurasa nne. Ukurasa wa kwanza ulimwita muuguzi. Ukurasa wa tatu, katika kifungu kilichoandikwa kwa herufi ndogo, ulisema kwamba mwajiri anaweza kumpangia “kazi nyingine za uangalizi nyumbani”, na mshahara uliotajwa hapo ulikuwa chini ya ule aliotamkiwa na ajenti kwa mdomo. Hapakuwa na neno lolote kuhusu usajili wake na mamlaka ya wauguzi ya nchi ile. Mkunga mwenye leseni alikuwa karibu kutia saini karatasi ambayo ingemfanya yaya.

Usiku ule hatukumzuia, wala hatukumwandikia barua. Tulimwomba arudi kwa ajenti na maswali matano tuliyoyaandika nyuma ya bahasha yake, la kwanza likiwa ni nani atamsajili kama mkunga na kwa gharama ya nani. Ajenti hakuwa na majibu, na safari ile ikafa. Miezi saba baadaye aliondoka kwa mkataba mwingine, wenye usajili na likizo na tiketi ya kurudi, na mara hii barua yetu aliipata siku hiyohiyo. Mweka hazina ndiye aliyeipiga muhuri, huku akifuta macho.

Naieleza habari hiyo kwa urefu kwa sababu ni mwitikio wa aina ambayo haiandikwi magazetini, na ndio ambao chama kina uwezo nao. Tulikuwa na mambo mawili ambayo yeye peke yake hakuwa nayo: macho ya watu waliowahi kusoma mikataba mingine, na jina la chama nyuma ya maswali. Nafikiri vyama vya kitaifa vingekuwa na uzito uleule mbele ya mpango wa Trinidad kama vingekuwa mezani tangu mwanzo. Vingedai makubaliano yawekwe wazi, fani zenye mabingwa wachache zitolewe au ziwekewe ukomo, muda wa kazi uwe na mwisho, nafasi ya mtu serikalini itunzwe hadi arudi, na nchi inayopokea ichangie gharama za kufundisha watakaochukua mahali pao. Hakuna dai hata moja kati ya hayo linalomfungia mwanachama mlango. Lakini makubaliano yalikuwa kati ya serikali na serikali, na wanataaluma waliingia wakiwa majina ya kuchujwa.

Mwitikio mkubwa zaidi wa vyama vya Uganda kwa uhamaji haukubeba jina la uhamaji hata kidogo. Novemba 2017 Chama cha Madaktari, wakati huo kikiongozwa na Dakta Ekwaro Obuku, kiliitisha mgomo uliodumu takriban wiki tatu kikidai mishahara, dawa na vifaa. Hospitali ziliumia, na najua wagonjwa waliolipa gharama ya mgomo ule kwa miili yao. Siwezi kuuandika kana kwamba ulikuwa ushindi mtupu. Hata hivyo uliifanya nchi ijadili, hadharani na kwa shilingi, ni kiasi gani kinachomfanya daktari abaki. Kabla yake, mwaka 2012, wabunge na muungano wa mashirika ya kiraia walikuwa wameikwamisha bajeti hadi zikapatikana fedha za kuajiri maelfu ya wahudumu wa vituo vya afya vya ngazi ya tatu na ya nne, vile vilivyo chini ya hospitali, na daktari wa kituo cha ngazi ya nne akapandishiwa mshahara hadi shilingi milioni 2.5. Vyama vya taaluma vilipaswa kulishika funzo hilo kwa mikono miwili: mgomo huwaweka wagonjwa upande mmoja na wahudumu upande mwingine, ilhali kupigania bajeti pamoja na mashirika ya wananchi huwaweka upande mmoja.

Kisha mwaka 2018 serikali ikataka kuleta madaktari wa Cuba wapatao 200. UMA ilipinga, ikisema wapo madaktari wa humuhumu wasio na kazi. Waliokilaumu chama kwa ubinafsi walisahau kwamba ni miaka minne tu ilikuwa imepita tangu mabingwa wetu watafutiwe kazi Karibi kwa maelezo kwamba tunao wa ziada. Chama kilikuwa na haki ya kuuliza hesabu hizo zinalinganaje, na kwa maoni yangu kingeuliza kwa sauti kubwa zaidi kama kingekuwa na rejista yake mwenyewe inayoonyesha mtu baada ya mtu ni nani hana ajira na yuko wilaya gani.

Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti uliowauliza wanafunzi 139 wa uuguzi wa Uganda kuhusu nia zao, na asilimia 70 walisema wangependa kufanya kazi nje ya nchi. Wanafunzi wale leo ni masista wakuu wa wodi, wengine hapa na wengine kwingineko. Sikumbuki mkutano wowote wa tawi letu ambapo tuliwaita wanafunzi wa mwaka wa mwisho na kuwauliza kwa upole wanataka nini ili wakae, na kosa hilo ni letu wenyewe, maana halikuhitaji bajeti ya mtu.

Tangu bahasha ile, tawi letu lina daftari la kurasa kubwa. Tunaandika kada ya aliyeondoka, wodi aliyotoka, tarehe, na tarehe ambayo nafasi yake ilijazwa, majina hatuyaandiki. Mwaka jana tulilipeleka kwenye kikao cha wilaya, pamoja na ombi kwamba nafasi ya mkunga itangazwe ndani ya miezi mitatu baada ya kuwa wazi. Tulijibiwa kwamba fungu la mishahara limejaa na ruhusa ya kuajiri haijatoka. Tumeomba jibu hilo kwa maandishi, na mwezi ujao mwenyekiti atakwenda nalo, pamoja na daftari, kwa mbunge wetu, kabla bajeti haijafungwa. Safu ya nafasi ya yule mkunga bado haijaandikwa tarehe.